Mtafsiri wa Banda la Jirani

Sijawahi kumwona ameketi mpaka jambo likaisha. Chai aliinywa akitembea. Mpira wa redioni aliusikiliza akizunguka nguzo ya umeme iliyokuwa mbele ya banda lake, na timu yake ikifungwa aligeuka akazunguka upande wa pili. Kwenye hitima ya mzee mmoja wa mtaani, sote tukiwa kwenye majamvi, yeye alipita nyuma yetu na birika la kunawia mikono toka mwanzo hadi mwisho. Hakuna aliyempangia kazi hiyo. Birika lilimpa tu sababu ya kusimama.

"Siku nikimkuta huyu ametulia," mkewe, Mama Hidaya, aliniambia, "nitakimbilia kuita daktari."

Mtaa wote wa Chamwino tulimwita Mtafsiri. Kazi yake ilikuwa kuzitia Kiswahili filamu za nje, papo hapo, kipaza sauti mkononi, watu wakiwa kwenye mabenchi mbele yake. Banda lake la video na chumba changu cha cherehani viligawana ukuta mmoja wa matofali ya kuchoma, mwembamba, usiopigwa plasta. Kwa hiyo filamu nyingi za maisha yangu nimezisikia bila kuziona, huku nakunja pindo za suruali za watu. Nilijua nani kafa na nani kaoa, ila sikujua sura zao.

Alifanya sauti zote peke yake. Wanaume wakubwa walikuwa na sauti ya kifuani, wasichana sauti nyembamba iliyowachekesha wanawake wa sokoni hadi wakapigana mabega, na vizee wote, wawe wa India au Uchina, walizungumza kama bibi fulani wa Matombo, kwa lafudhi ya Kiluguru ya kuvuta maneno. Mwizi wa Hong Kong akikimbia, alikimbilia stendi ya Msamvu. Jenerali akiishiwa risasi, Mtafsiri alimtuma Mzinga, kwenye kiwanda cha risasi. Alitafuna tangawizi mbichi ili koo lisikauke, na ukimpita karibu ulisikia harufu yake kabla hujasalimiwa.

Kiingereza alikijua kwa kuokoteza. Alisoma maandishi yanayopita chini ya picha, akakamata nusu, nusu nyingine akaijaza mwenyewe. Hilo halikumsumbua. Lililomsumbua ni kimya. Kwenye filamu watu wakinyamaza, wanatazamana tu au wanatembea ufukweni, alishindwa kuvumilia. Ungemsikia: "Hapa anawaza. Anawaza sana huyu. Anasema moyoni, mbona nilikuja mji huu?" Huku nyuma ya ukuta nasikia na kandambili zake, pa, pa, pa, kutoka kwenye kitambaa cha kuonyeshea hadi mlangoni na kurudi.

Mtu mwenye sauti nyingi kiasi hicho hakuwa na ya kwake ya kusemea mambo magumu. Hilo nililigundua mapema. Siku moja nilikuwa na kazi ya sare za shule, cherehani inanguruma tangu asubuhi. Ingekuwa jirani mwingine, angekuja mlangoni akaniambia. Yeye hakuja. Katikati ya filamu ya majonzi, mama mmoja wa Kihindi yuko kitandani anaaga dunia, nikamsikia akisema kwa sauti ya kukata roho: "Mwanangu, kabla sijafa, mwambieni yule jirani mwenye cherehani apumzike kidogo, nife kwa amani." Banda zima likacheka. Nikazima mashine, nami nikicheka peke yangu. Jioni tulipokutana alinisalimu kama kawaida, "Fundi, habari za kazi," na jambo lenyewe hakuligusa.

Na mkewe hivyo hivyo. Wakigombana, hakuomba radhi nyumbani. Alisubiri hadi shujaa fulani amwangukie mpenzi wake, hapo ndipo akamwaga yote. Mama Hidaya alikuwa mlangoni na sinia lake la kashata na chai ya birika, akasikiliza, akabetua mdomo.

"Umemsikia?" aliniuliza mara moja. "Kwani mimi nimeolewa na kipaza sauti?"

Alikuwa mwanamke wa maneno machache na makavu. Kwao ni Kinole, kule juu, ambako mvua haina msimu. Aliyokuwa hayapendi zaidi katika kazi ya mumewe ni mabadiliko ya mwisho wa filamu. Mtafsiri hakuweza kuacha watu watoke na huzuni. Mtoto akifa kwenye filamu, yeye alisema kapelekwa kwa shangazi yake. Wapenzi wakiachana, alitangaza kwamba mwakani wataoana, ila filamu imeishiwa muda.

"Unawadanganya watu," Mama Hidaya alimwambia siku moja mbele yangu.

"Nawapumzisha."

"Wamelipa waone kilichotokea."

"Kilichotokea wanacho nyumbani kwao," akajibu, na tayari alikuwa anaondoka.

Mlangoni alikuwa na mambo yasiyolingana. Bibi yeyote aliingia bure, pamoja na wajukuu aliotaka kuwaita wajukuu. Lakini vijana wa bodaboda waliopungukiwa kidogo tu cha kiingilio aliwarudisha, akabishana nao mpaka filamu ikachelewa kuanza. Aliwatukana watu waliokopa na kukimbia, akasema hana haja na rafiki wa namna hiyo. Kisha ukamwona yeye mwenyewe anapita njia ya nyuma ili asionane na mwenye duka la mchele.

Miaka ikapita, mabenchi yakaanza kubaki wazi. Kila mtu alikuwa na simu, kila simu ina filamu ndani yake, na walioshindwa bando walitazama kwa wenzao. Wale vijana wa bodaboda sasa walikaa juu ya pikipiki zao wakingoja abiria, vichwa vimeinamia mikono. Mtafsiri alipita katikati yao akiwachungulia. "Hiyo haijatafsiriwa," aliwaambia. "Utaelewa nini?" Walimjibu kwa adabu, shikamoo mzee, wakaendelea.

Ndipo akaleta projekta mpya. Akaleta na spika kubwa mbili ambazo zilitikisa ukuta wetu mpaka pini zangu zikawa zinatambaa mezani. Nilimuuliza amepata wapi uwezo. Akasema Mungu ni mkubwa. Mama Hidaya nilipomuuliza alisema ameambiwa ni malipo ya kazi ya matangazo aliyofanya Dar. Alilisema hilo akinitazama usoni, kama anataka kuona kama mimi naamini.

Kwa muda mfupi watu walirudi. Walitaka kuziona hizo spika. Wakishaziona, wakarudi kwenye simu zao.

Kutembea kwake kukaongezeka. Zamani alitembea kama mtu mwenye kazi nyingi, sasa alitembea kama mtu anayefuatwa. Simu ikilia aliitoa mfukoni, akaitazama, akairudisha ikiwa bado inalia. Siku moja walikuja mwanamume na mwanamke waliovaa nadhifu, wana mafaili kwapani, wakaniuliza kama mwenye banda yupo. Nikasema sijui. Nilimsikia nyuma ya ukuta, kandambili zimesimama kimya kabisa. Walipoondoka, zikaanza tena.

Filamu ya Kifilipino ilikuja katikati ya hali hiyo. Mtu aliyekuwa akimletea filamu kutoka Kariakoo alimtilia nyingi kwenye flashi moja, na hiyo ilikuwa humo bila ya kuagizwa. Ilikuwa mchana wa siku ya kazi, banda tupu. Nikashangaa: mashine inawaka, lakini sisikii bunduki, wala muziki, wala yeye. Kisha akagonga ukutani.

"Fundi, njoo uone hawa watu. Hawa watu ni wa hapa Chamwino."

Nikaenda, tepu ya kupimia bado iko shingoni. Haikuwa na mwigizaji yeyote tuliyemjua. Ni mume na mke katika mtaa wa mabati nje ya Manila, nguo zimeanikwa juu ya mfereji. Mume anaendesha pikipiki yenye kiti cha pembeni, ambayo kwao ndiyo bajaji. Mke anaparua samaki sokoni. Rafiki wa mume anapatwa na shida, mume anaiweka bajaji rehani ili amsaidie, mkewe haambiwi. Rafiki anatoweka. Tangu hapo kila asubuhi mume anaaga na ufunguo mkononi. Akiulizwa bajaji iko wapi anasema iko gereji. Kumbe anakwenda kubeba makasha ya samaki soko la mbali, na jioni ananawa mikono kwa ndimu.

Hakukuwa na ngumi hata moja. Watu walikula wali, wakalala, wakaamka. Mimi nilitazama bila kupepesa.

Ikafika mahali ambapo mke anatumwa barafu katika lile soko la mbali, anamkuta mumewe na kasha begani. Mume analitua. Anasema neno moja, "Nisamehe." Mke anageuka anaondoka, mfuko wa barafu unadondoka maji njia nzima. Mtafsiri akasimamisha picha hapo.

"Fundi, huyu bwana ni mjinga?"

"Mjinga sana," nikasema. "Angemwambia mkewe siku ile ile. Yule mama anaonekana ana akili kumshinda."

Alitoka nje, akaacha mashine inawaka na mimi nimekaa peke yangu mbele ya uso wa yule mwanamke wa Manila.

Aliionyesha Jumapili alasiri. Alikuwa ametangaza mtaani kwa kipaza: filamu ya maisha, akina mama msikose. Sijui kama ni kwa ajili ya tangazo au ni kwa sababu mvua ilikuwa imetanda juu ya Uluguru na watu hawakutaka kwenda mbali, lakini walijaa. Wauza mboga walikuja, wauza maandazi, wanaume wachache waliokuwa wakijifanya wamesindikiza wake zao. Mama Hidaya alikaa mlangoni na sinia lake. Mimi nilifunga kazi, nikaingia, nikakaa benchi la nyuma karibu naye.

Mtafsiri alianza vizuri. Mke wa Manila akawa na sauti ya muuza dagaa wetu. Mume alipodai bajaji iko gereji, wanawake waliguna. Alipodai mara ya pili, mmoja akasema kwa nguvu, "Hiyo gereji ya kwao haina fundi?" Wakacheka. Mtafsiri hakucheka. Nilimwona kwenye mwanga wa picha, anatembea, kichwa chini, waya wa kipaza unamfuata.

Wakafika sokoni. Kasha likatuliwa. Mume akafumbua midomo.

Hakukusikika kitu.

"Tafsiri!" mwanamume mmoja akaita. "Anasemaje?"

Mimi nilijua anachosema. Nilingoja nisikie lile neno moja.

"Mke wangu," Mtafsiri akasema, na haikuwa sauti ya kifuani. Ilikuwa sauti aliyonunulia chumvi dukani. "Nyumba nimeiweka rehani."

"Nyumba? Si bajaji?" akauliza mtu.

"Na nyumba pia," mwenzake akamjibu. "Huyu bwana kamaliza kila kitu."

"Ile hati uliyoniuliza mwezi wa mfungo nikakuambia iko kabatini, haiko kabatini. Wanayo wao. Hizi mashine ndizo nilizonunua. Nilidhani watu watarudi, nitalipa kabla hujajua. Watu hawakurudi. Sasa wanataka kuiuza. Kila siku naamka nasema leo nitakuambia. Nikishasema hivyo, natoka nje natembea."

Kwenye kitambaa, sehemu ile ilikwishapita zamani. Kulikuwa na watoto wa Manila wanaogea mvua, wanacheka, na juu ya kicheko chao huyu mtu anaendelea kusema habari ya nyumba. Watu walidhani ni mume anayeongea nje ya picha. Wote walitazama mbele. Mimi peke yangu niligeuka.

Mama Hidaya aliweka sinia chini ya benchi, taratibu, asimwage chai.

"Mwulize huyo mume," akasema kwa sauti ya kusikika banda zima, "hao watu wa mkopo wanakuja lini."

Banda likaangua kicheko. "Eti, mwulize!" wakaitikia.

Kandambili zikasimama. "Jumatano."

"Mwambie Jumatano mkewe atakuwepo. Na leo akitoka hapo asiende kutembea. Aje amweleze mkewe alisaini kitu gani."

Wakampigia makofi. Mama Hidaya akaokota sinia, akamuuzia kashata aliyekuwa karibu, akarudisha chenji bila kukosea. Na Mtafsiri akaitafsiri filamu iliyobaki hadi mwisho. Mwisho wake ulikuwa mbaya: bajaji haikurudi. Hakumpeleka mtu yeyote kwa shangazi yake. Akina mama walitoka wakijifuta macho kwa ncha za khanga, wakisema hawajaona filamu kama ile.

Siku zilizofuata Mama Hidaya alilala kwangu, wanawake wawili kitanda kimoja. Mchana alikwenda na mumewe ofisi ya mkopo, wakaongea na wale wenye mafaili, jioni akaja na khanga yake na mswaki. Hakulia mbele yangu. Nilimuuliza kama atarudi kwa mumewe.

"Nitarudi. Lakini aisikie kwanza nyumba ilivyo bila mtu."

"Hata mimi ningekasirika. Nyumba ni nyumba."

"Si nyumba, fundi." Alikuwa ananisaidia kufumua mishono, wembe mkononi. "Nyumba tulijenga, tungejenga tena. Hasira yangu ni kwamba watu wote wa Chamwino walilipa kiingilio, ndipo na mimi nikaambiwa."

Nikamsogezea suruali nyingine afumue.

Nyumba haikuokoka. Alichofanya Mama Hidaya ni kutafuta mnunuzi mwenyewe kabla ya mnada, akasimama imara kwenye bei kwa wiki nzima ya kubishana, hivi kwamba deni lilipolipwa kulibaki kitu mkononi mwao. Projekta na spika zilinunuliwa na mtu wa kumbi za harusi. Kisha akatangaza kwamba wanapanda Kinole, kwenye ardhi ya ukoo wa mama yake. Sisi Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, kwa hiyo kule mwenye kauli ni yeye na dada zake, na Mtafsiri angekuwa mkwe tu wa kupewa jembe.

Mtafsiri alikuja kuniaga amevaa viatu vya kufunga kamba. Alizunguka chumba changu, akashika kila kitambaa.

"Milimani, fundi. Mimi nitatembea wapi kule? Kila ukienda unapanda."

"Utazoea."

"Sitazoea," akasema, na akatoka kabla sijampa mkono.

Banda likawa duka la vifaa vya simu. Ukuta ukawa kimya, na mimi nikanunua redio.

Nilimwona tena mwaka huu. Kulikuwa na harusi Kinole, nikapewa kazi ya kushona sare za wanawake wa upande wa bwana harusi, nikapanda kuzipeleka mwenyewe. Bodaboda aliniacha pale njia inapokuwa matope matupu. Nikauliza nyumba ya Mama Hidaya, nikaonyeshwa juu, kati ya migomba na mikarafuu.

Mtafsiri ndiye aliyeniona kwanza. Alishuka ule mteremko kwa mwendo ambao ungevunja goti la kijana, mkungu wa ndizi begani, amekonda, ndevu nyeupe.

"Fundi! Fundi wa Chamwino! Mama Hidaya, njoo uone nani kaja!"

Mama Hidaya alikuwa nyuma ya nyumba na dada yake, wanachambua karafuu kwenye mkeka. Alinikumbatia, akanikagua kuona kama nakula vizuri, akaniwekea ndizi na chai ya mdalasini. Alikuwa amenenepa kidogo. Nilimuuliza wanaendeleaje. Akasema mwaka wa kwanza ulikuwa mgumu, mumewe alitaka kuteremka mjini kila ilipopita gari ya mananasi. Sasa yeye ndiye anayepeleka mizigo ya watu hadi barabarani, maana hachoki, na akirudi ana habari za kijiji kizima.

Mtafsiri hakungoja tumalize.

"Fundi, nimefika Kisaki. Nilisindikiza mzigo. Pale kuna watu, kuna kituo cha treni, na jioni hawana pa kwenda. Mtandao unakuja na kukatika. Nikipata sola ndogo, na mashine ndogo ya mkono wa pili..." Alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani, mguu mmoja ndani, mwingine nje. "Kitambaa cheupe cha kuonyeshea unaweza kunishonea? Kikubwa, chenye vitundu vya kamba."

Nikamtazama mkewe. Hakuinua kichwa.

"Hili amekwambia?" nikamuuliza.

"Kaniambia. Tangu mvua kubwa ananiambia. Nikamuuliza fedha inatoka wapi, na nani atabaki na shamba, na akishindwa atarudi na nini. Anajibu kidogo kidogo."

"La shamba nimeshajibu," Mtafsiri akasema.

"Umelijibu nusu."

"Nitakwenda baada ya mavuno tu. Na fedha ni ya ndizi zangu, sikopi. Nimekuapia sikopi."

"Na ukishindwa?"

Akazunguka nyumba mara moja. Tulimsikia anapita nyuma yetu, kwenye majani makavu ya migomba, akatokea upande wa pili.

"Nikishindwa nitarudi, nikwambie nimeshindwa. Hapa hapa. Dada yako akisikia na asikie."

Dada yake akacheka chini kwa chini. Mama Hidaya aliendelea kutenga vikonyo na karafuu, vidole vyake havikusimama. Bodaboda wangu akapiga honi kule chini. Nikainuka, nikaaga, nikafunga mkoba, sijui kama nina kazi ya kushona au sina.

Nilikuwa nimeshafika kwenye ngazi za udongo Mama Hidaya aliponiita.

"Fundi."

Alikuwa amesimama, anakung'uta khanga. Akanyoosha mikono yake pande zote mbili, akaitazama, kisha akairudisha ndani kidogo.

"Kishone," akasema. "Upana huu. Usimsikilize yeye akikupigia simu kutaka kikubwa zaidi."